Wazazi wangu waliachana kwa mediation na mhasibu, na mimi ndiye nilibeba siri ya ng'ombe

Ilianza Jumapili, saa tisa na dakika kumi mchana. Hiyo saa sijaibuni, iko kwa daftari langu la Form Three na hapa ninapoandika liko magotini.

Wakuu, salamu kutoka Migori. Mimi huwa nasoma tu nyuzi zenu na kupita kimya. Lakini juzi kuna jamaa aliuliza hapa kama mediation ya talaka, yaani kusuluhishwa nje ya korti, ni mambo ya matajiri wa Nairobi, watu wakamcheka. Nikaona nitoe yangu. Majina nimebadilisha. Mengine yote yalitokea hivyo, hata yale yanayoniaibisha.

Miaka ya tisini. Tulikaa Suna, pembeni kidogo mwa mji. Baba alikuwa mwalimu wa primary huko Ndhiwa, anakuja nyumbani wikendi. Mama alikuwa na posho mill, kinu cha kusaga mahindi, karibu na barabara. Sisi watoto tulikuwa wawili, mimi Akinyi na mdogo wangu Awuor, alikuwa darasa la nne.

Hiyo Jumapili Baba alikuwa anajitayarisha kurudi Ndhiwa. Alipotoka nje alikuta viatu vyake vyote vimepangwa mstari mbele ya mlango. Pea tano, pamoja na zile gumboots.

Mama alikuwa amevipaka rangi kwanza. Vilikuwa vinang'aa.

Baba akauliza, "Hii ni nini?"

Mama akasema, "Ni viatu, mwalimu. Pelekea yule uliyemjengea, asikuone miguu mitupu."

Ndivyo tulijua Mama amejua. Baba alikuwa amejenga nyumba Ndhiwa na kuweka mke mwingine, mwaka mzima. Mama aliambiwa na mteja aliyeleta mahindi kusaga. Alidhani Mama anajua, akawa anampongeza kwa kupata mke mwenza mwenye heshima.

Mnisikize vizuri hapa kabla mnishambulie. Kwetu kuoa wa pili si ajabu. Mama mwenyewe alizaliwa boma la wake watatu huko Magunga. Alisema hivi, na niliandika: "Angeniambia, ningelia, ningemaliza. Lakini mtu anayeweza kuficha nyumba nzima, atanificha nini kingine?"

Hilo swali lilinichoma mimi kuliko Baba.

Kwa sababu mimi nilijua jibu.

Ngoja niwaeleze. Wazee wetu hawaweki ng'ombe wote boma moja. Ugonjwa ukiingia unamaliza, wezi wakija wanabeba wote, na jirani akiona wengi jicho lake linawaka. Kwa hivyo unapeleka wengine kwa rafiki wa mbali, anakamua maziwa, wewe unabaki na ng'ombe. Wanaume wengi hawaambii hata mke. Lakini lazima mtu mmoja wa nyumba ajue, mwenye ng'ombe asife nazo kichwani.

Baba alikuwa nao kwa rafiki yake Mwita, upande wa Kuria, karibu na mpaka wa Tanzania. Na mtu wa nyumba aliyejua ni mimi.

Alinipeleka mara ya kwanza nikiwa darasa la saba. Tulitembea na yeye ananionyesha mmoja mmoja, ananifundisha majina. Idadi hakutaja. Mifugo haihesabiwi kwa mdomo, unaita majina tu, ukimaliza majina umemaliza. Tukirudi akaniambia, "Nimekuchagua kwa sababu wewe hauna maneno. Mdomo wako ni kufuli."

Wakuu, nilikuwa mtoto mwenye haya mpaka mwalimu akiniuliza swali machozi yanatoka. Kila mtu alikuwa ananisukuma niongee. Baba peke yake ndiye alinisifu kwa kunyamaza. Nilitembea kama nimepewa cheo.

Turudi kwa talaka.

Kwanza walikaa wazee wa pande zote. Siku mbili, kelele. Upande wa Baba wakasema kama mwanamke anataka kwenda, mahari irudi. Mjomba wangu kutoka Magunga akasimama akasema, "Irudi vipi? Hizo ng'ombe ziliwaolea wake ndugu zangu wawili! Tuwarudishe na wake zao?" Watu wakacheka, wakakasirika, wakala kuku, wakaondoka. Hakuna kitu.

Mama alikuwa anamjua mama mmoja mstaafu wa Homa Bay, tumuite Mama Dorka. Alifanya kazi ya maendeleo ya jamii miaka mingi na alikuwa anasuluhisha watu wanaoachana kabla waende kwa wakili kupigana. Mtu wa Sabato, kwa hivyo Jumamosi usimtafute. Alikubali kwa masharti mawili. Wazee wabaki nyumbani. Na kuwe na mhasibu.

Mhasibu alitoka Kisii, Bwana Nyamweya, zamani alikuwa anakagua vitabu vya vyama vya ushirika. Mtu mfupi, tai imembana shingo, na calculator ile inatoa karatasi ndefu kama utumbo. Kwa ajili yake ilibidi wote waongee Kiswahili. Mama Dorka alisema hiyo ni baraka, kwa Dholuo, lugha yetu, watu wanajua kutukanana vizuri sana.

Kikao cha kwanza kilikuwa Homa Bay, chumba cha ofisi ya kanisa, harufu ya samaki inaingia kwa dirisha. Ilikuwa likizo ya Aprili. Mama Dorka alitaka watoto wawe karibu, asije mtu akasema watoto wanataka hivi na vile. Mimi na Awuor tuliwekwa benchi nyuma.

Bwana Nyamweya alifungua hivi: "Niambieni mlicho nacho. Mlichokasirikia mtamwambia Mama Dorka."

Baba akataja. Mama akataja. Nyumba na shamba la Suna, posho mill, ng'ombe wa bomani, baiskeli, redio, cherehani; nyumba ya Ndhiwa Mama alisema isiandikwe, hataki kuisikia. Bwana Nyamweya akasema atakuja kuona kwa macho yake, hawezi kuthamini hewa.

Alikuja wiki hiyo. Alipima kinu, akauliza umri wa injini, akapanda gunia akachungulia mkanda, akashuka amejaa unga mpaka kope. Kisha akaenda bomani na Baba. Mimi niliwafuata na maji ya kunawa.

Akauliza, "Mwalimu, ng'ombe ni wangapi?"

Baba akacheka. "Sisi hatuhesabu mifugo kwa mdomo, bwana. Ni wale unaowaona."

"Hata sisi Wakisii hatupendi, lakini mimi nalipwa kuhesabu." Akanyoosha kalamu. Akaandika wanne.

Baba aligeuka akaniona na lile beseni. Aliniangalia tu, vile unaangalia mlango kuhakikisha umefungwa.

Kikao cha pili ndicho kilinimaliza. Bwana Nyamweya alitoa hesabu. Akasema kinu peke yake kina thamani zaidi ya vingine vyote ukiondoa nyumba na shamba. Baba anabaki na nyumba na shamba, hiyo hakuna aliyepinga kwa sababu ni ardhi ya baba yake. Mama angebaki na kinu. Lakini Baba alidai nusu ya kinu, leseni iko kwa jina lake na mkopo wa kwanza ulikatwa kwa mshahara wake. Na Mama hakuwa na kitu cha kumpa badala ya hiyo nusu.

"Basi kiuzwe, mgawane," Bwana Nyamweya akasema. Hakusema kwa ubaya. Ni hesabu.

Mnunuzi alikuwepo tayari, mfanyabiashara wa pale Suna, alikuwa amekitamani hicho kinu miaka.

Mama akauliza, "Miaka minane nimelala na unga kwa nywele. Nikiuza naenda wapi?"

Mama Dorka akamuuliza Baba, "Baba Akinyi, hakuna kitu kingine unaweza kuchukua badala ya nusu ya kinu? Fikiria tu."

Baba akasema, "Mmeona vyote."

Ikapangwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, waje kusaini.

Wakuu, nieleze hiyo wiki vipi? Kinu kikiuzwa Mama anarudi kwa ndugu yake Magunga na pesa kidogo zitakazoliwa kabla ya mvua ya pili. Mimi na Awuor tunabaki na Baba, maana yake Ndhiwa, kwa mama tusiyemjua. Wale ng'ombe wangetajwa, Bwana Nyamweya angewaweka upande wa Baba, Mama anabaki na kinu chake kizima. Hata mimi wa Form Three niliona hiyo hesabu bila calculator.

Sikutulia. Nilifagia uwanja mara tatu kwa siku. Nilitoka kisimani na mtungi umejaa, nikamwaga njiani ili niwe na sababu ya kurudi. Nilikuwa naanza kula, nasimama.

Awuor akaniuliza, "Kwani wewe umemeza nini?"

Siku ya Jumatatu nilienda kinuni kumwambia Mama. Niliamua kabisa. Nikafika, injini inanguruma, foleni ya wanawake na magorogoro yao, yale makopo ya kupimia mahindi, Mama ananiuliza kwa mikono, "Nini?" Nikafungua mdomo. Nikafunga. Nikachukua ufagio.

Na nitasema ukweli ambao hata kwa daftari niliufuta kisha nikauandika tena. Si haya tu. Nilikuwa napenda kuwa yule aliyechaguliwa. Nikisema, nabaki nani? Baba ameshapata mke mwingine, kesho atapata watoto wengine. Mimi nilichokuwa nacho kwake ni hiyo kufuli.

Jumatano Baba alikuwa apite Suna kuchukua koti lake jeusi la mikutano. Mama alikuwa kinuni, akaniachia ujumbe nilipige pasi. Eti hataki watu wa Homa Bay waseme mwalimu ametoka nyumba chafu.

Nikapuliza makaa, nikapiga pasi. Pasi ilipopoa nilikuwa nimeamua, au mkono uliamua. Nikachana karatasi kwa daftari. Nikaandika majina, moja chini ya lingine:

Rateng'
Rachar
Silwal
Rabuor
Nyar Kadem
Jumatatu
Masikio
Mtoto wa Silwal
Mtoto wa Masikio

Hakuna salamu, hakuna "Mpendwa Baba". Nikakunja, nikaweka mfuko wa ndani, pale anapoweka miwani.

Akaja, akavaa, akasema, "Umenyoosha vizuri, nyara." Nyara ni binti yangu. Akaondoka.

Sasa hapo ndipo mateso yalianza. Hakukuwa na simu za mkononi. Ataisoma leo? Akiisoma Ndhiwa atachoma? Atakuja kunichapa? Au haitaonekana kabisa, watasaini, na mimi nitakuwa nimesaliti mtu bila kusaidia mwingine? Alhamisi asubuhi nilivaa blauzi kinyume mpaka Mama akaniuliza kama naumwa.

Tulifika Homa Bay, Baba ameshakaa. Nikamtazama usoni nisome kitu. Hakuna. Amenyoa, ametulia, anaongea na Bwana Nyamweya juu ya mvua.

Sikujua hata niombe nini.

Karatasi zikawekwa mezani. Mama Dorka akasoma polepole. Kwanza, mahari hairudi kwa sababu kuna watoto, pande zote zimekubali. Pili, watoto. Tatu, kinu kitauzwa. Hapo Mama aliangalia dirisha.

"Baba Akinyi, soma mwenyewe kabla hujasaini."

Baba akaingiza mkono kwa koti. Miwani ikatoka. Karatasi ikatoka nayo.

Aliifungua akidhani ni risiti. Akavaa miwani. Akasoma. Nadhani alisoma mara mbili, kwa sababu ni majina tisa tu na ilichukua muda mrefu. Hakugeuka kuniangalia. Nilikuwa nimeshika benchi mpaka vidole vikaganda.

Mama Dorka akasema, "Kuna shida?"

Baba akakunja karatasi, akairudisha mfukoni. Akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Kuna wengine," akasema.

"Wengine nani?"

"Ng'ombe. Wako kwa mtu. Bwana Nyamweya, andika. Rateng'."

Bwana Nyamweya akasimamisha kalamu. "Hilo ni jina la ng'ombe ama la mwenye kuwaweka?"

"La ng'ombe. Andika. Rachar."

Akataja wote. Hakutoa ile karatasi tena, alitaja kwa kichwa, kwa mpangilio uleule alionifundisha. Mama alianza kuhesabu kwa vidole, hadharani, kitu ambacho hakifanywi. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akahamia mwingine.

"Tisa!" akasema. "Tisa! Na mimi miaka hiyo yote nanunua maziwa kwa chupa! Ukija wikendi unalalamika chai ni nyepesi!"

Bwana Nyamweya alijaribu kukohoa, ikatoka kicheko. Mama Dorka akaficha uso kwa leso. Hata Baba mdomo ulicheza kidogo, kisha akaukaza.

"Ng'ombe ni wa mwanaume," akasema.

"Na viatu pia ni vya mwanaume," Mama akasema, "na mimi ndiye nilivipaka rangi."

Mama Dorka akainua mkono. "Inatosha. Baba Akinyi, nakushukuru kwa kukumbuka." Alitumia neno hilo, kukumbuka. Hakuuliza kwa nini amekumbuka leo. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba hapo ndipo alifanya kazi yake. Angesema "kwa nini ulificha", Baba angesimama atoke, twende kortini mpaka leo.

Calculator ikalia, karatasi ikatoka ndefu. Ng'ombe wote kwa Baba, wa bomani na wa kwa Mwita, na nyumba. Kinu chote kwa Mama, leseni ibadilishwe jina, akae vyumba vya nyuma ya kinu na sisi. Karo yangu, Baba. Ya Awuor, Mama. Ng'ombe waletwe Suna waonekane kabla karatasi ziende kwa wakili na mahakamani, Bwana Nyamweya haandiki kitu hajakiona mara mbili.

Wakasaini. Mama alisaini akiwa analia na kucheka, hakujua atulie wapi.

Tukirudi, Baba alikaa kiti cha mbele cha matatu. Hakunisemesha njia nzima.

Wakuu, ninyi wenye ndoa zinazoyumba, niseme nilichojifunza kisha mnipinge hapo chini. Wazee wetu wanajua kupatanisha, lakini wanaanza na nani mkosaji. Mhasibu anaanza na nini kipo. Na huyo msuluhishi akiwa na akili, anamwachia mtu mlango wa kusema ukweli bila kuvuliwa nguo. Lakini hakuna mtaalamu anayeweza kugawa kitu kilichofichwa. Hata awe na calculator ya urefu gani. Kwa hivyo mkikaa mezani, leteni vyote, na hasa vile mnavyoviona ni vyenu peke yenu.

Na niulize, kwa sababu sijawahi kuuliza mtu: nilikosea? Kuna mtu hapa aliwahi kuchagua kati ya mzazi na mzazi? Mniambie kweli, hata kama ni kunilaumu. Nitasoma zote.

Nimalizie na kesho yake, maana ndiyo ukurasa wa mwisho wa hilo daftari.

Ijumaa niliamka saa kumi na mbili. Nilijua Baba atapita kwenda kwa Mwita kuleta ng'ombe. Siku zote tulienda pamoja. Nikavaa raba, nikasimama kwa lango na fimbo.

Akaja. Akanipita. Akasimama bila kugeuka.

"Nimekuita?"

"Hapana, Baba."

"Basi unaenda wapi?"

Nikasema, "Masikio anasumbua kuvuka maji. Anataka mtu nyuma."

Akatazama barabara. Kisha akasema, "Ng'ombe hazipendi watu wa maneno."

Akaendelea kutembea. Hakunirudisha. Nikafunga lango, nikamfuata kwa nyuma, hatua kama ishirini hivi.